Siri ya Mgonjwa ni Sehemu ya Tiba

Mficha uchi hazai, walisema wazee wetu, na mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hizi mbili zimetumika kizazi baada ya kizazi kumshawishi mgonjwa afungue kinywa: mwambie mkunga, mwambie tabibu, usife na jambo moyoni. Ni ushauri mwema, na hospitali za leo zinautoa kila siku kwa maneno mengine. Lakini methali zote mbili zinamwelekea mgonjwa peke yake. Hazimgusi yule anayesikia. Mkunga akishaonyeshwa kilichofichwa, akiweke wapi? Kwa wakazi wa Kwale, kuanzia Waa na Tiwi hadi Shimoni na Vanga, swali hili linagusa maisha yenyewe. Kaunti nzima ilihesabiwa watu 866,820 katika sensa ya 2019, na wengi wao wanaishi katika vijiji ambamo ukoo umeingiliana na ukoo. Mtu wa Gazi anapokwenda kutibiwa, huenda karani wa dirishani ni mkwe wa kaka yake, mlinzi wa lango walicheza naye mpira, na mama aliyeketi kwenye benchi ndiye jirani watakayerudi naye kwa matatu moja. Mahali kama hapo habari haihitaji mwizi wa kuiiba. Inatoka yenyewe, na pengine inafika nyumbani kabla ya mgonjwa.

Ninachotaka kusema ni kwamba kuitunza habari hiyo ni sehemu ya matibabu, sawa na sindano na kidonge, na kwamba hatari yake kubwa katika pwani ya kusini iko kwenye mambo madogo ya kila siku: sauti ya karani, rejista iliyoachwa wazi, rangi ya faili, simu ya mhudumu. Mgonjwa asiyeamini kwamba maneno yake yatabaki chumbani hutoa nusu ya maneno, na daktari hutibu ile nusu. Chukua mfano wa dawa. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa rifampisini, dawa ambayo hupunguza nguvu ya dolutegraviri, kidonge ambacho watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi nchini Kenya hukimeza mara moja kwa siku. Daktari akijua kwamba mgonjwa anatumia zote mbili, humwongezea dolutegraviri iwe mara mbili kwa siku, na mambo huenda sawa. Asipojua, kwa sababu mgonjwa ameogopa kusema mbele ya watu watatu waliosimama nyuma yake, kiwango cha dawa mwilini hushuka na virusi hupata nafasi ya kuwa sugu. Hapo hakuna aliyekosea kusoma kipimo wala aliyetoa dawa mbovu. Kilichokosekana ni mlango uliofungwa.

Watu wa pwani hawakungoja Bunge ndipo wajue jambo hili. Neno amana ni la zamani kwetu, na mtu aliyewekewa amana akaifuja hakuwa na uso mbele ya jamaa. Neno stara nalo limebeba wajibu wa kumfunika mwenzako hata pale usipokubaliana naye. Sheria za Kenya zimekuja kuandika kile ambacho maadili hayo yalikidai. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutodaiwa wala kufichuliwa bila sababu habari za familia yake na mambo yake binafsi. Sheria ya Afya ya 2017, katika sehemu yake ya 11, inaishusha haki hiyo hadi mlangoni mwa zahanati: hali ya afya ya mtu, matibabu aliyopewa, na hata kule kulazwa kwake, vyote ni siri. Siri hiyo hufunguliwa kwa njia chache tu. Mgonjwa aridhie kwa maandishi, au mahakama iamuru, au sheria nyingine itake, au kunyamaza kuwe hatari kubwa kwa afya ya umma. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo. Sheria hii inaweka habari za afya katika kundi la data nyeti, na kuagiza zishughulikiwe na mtoa huduma za afya au chini ya usimamizi wake, ama na mtu mwingine anayefungwa na wajibu wa kutunza siri. Kwa hiyo siri haimhusu daktari peke yake. Inamfunga karani anayeandikisha, anayebeba sampuli kwenda maabara, na anayefagia chumba cha faili.

Sasa tuifuate habari ya mgonjwa inavyosafiri, maana sheria huandikwa Nairobi lakini huvunjwa au hutimizwa kwenye dirisha la usajili. Katika vituo vingi vya umma nchini, mgonjwa wa nje huja na daftari la kawaida la shule alilolinunua dukani, na humo ndimo tabibu huandika anachougua na dawa aliyopewa. Daftari hilo hurudi nyumbani, likakaa juu ya kabati au chini ya godoro, na mtoto yeyote wa darasa la sita anaweza kulisoma. Mjamzito ana kitabu cha mama na mtoto, chenye kurasa za vipimo alivyofanyiwa, na anatembea nacho kila kliniki kwa miaka, mara nyingi mikononi mwa dada au wifi aliyemsindikiza. Ndani ya kituo kuna rejista, lile jitabu pana lenye mistari: jina, umri, kijiji, ugonjwa, matibabu. Ukurasa mmoja hubeba majina mengi, na anayeinama kutaja jina lake anaweza kusoma la aliyemtangulia. Halafu kuna foleni. Pale ambapo huduma fulani ina siku yake, benchi lake na mlango wake, hakuna haja ya kusikia neno lolote. Kumwona mtu ameketi hapo kunatosha. Na faili zikiwa za rangi ya pekee kwa wagonjwa wa aina moja, rangi hiyo hupiga kelele kuliko kipaza sauti. Ndiyo maana wako watu wanaolipa nauli mpaka Likoni, wavuke feri wakachukue dawa Mombasa, ilhali dawa ile ile iko karibu na kwao. Nauli hiyo ni gharama ya siri, na mwezi ambao haikupatikana, dawa hukatika.

Jambo moja lililofika mahakamani linaonyesha wazi tofauti kati ya kuhesabu wagonjwa na kuwaanika. Tarehe 23 Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi hivyo. Nia iliyoelezwa ilikuwa kupanga huduma vizuri zaidi. Lakini fomu zilizotayarishwa ziliunganisha jina la mtu na hali yake. KELIN, shirika linalotetea haki katika mambo ya afya, na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 7 Disemba 2016 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha na kifungu kinachotaka maslahi ya mtoto yawekwe mbele. Serikali ikapewa siku 45 kuyageuza majina yaliyokusanywa kuwa alama zisizomtambulisha mtu. Uzito wa uamuzi huo ni kwamba mahakama haikuikataza serikali kujua idadi. Anayepanga kununua dawa za watoto anahitaji kujua ni watoto wangapi, wa umri gani, katika kaunti ndogo ipi. Hahitaji kujua ni mtoto wa nani.

Somo hilo hilo lilitolewa kwa njia nyingine na watu ambao kwa kawaida hawasikilizwi. Utafiti wa kitaifa uliokusudia kukadiria idadi ya wauza ngono, wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, na watu wanaojidunga dawa za kulevya, ulipendekeza kuchukua alama za miili yao, kama za vidole, ili mtu mmoja asihesabiwe mara mbili. Wahusika waliulizwa, wakakataa, na mwaka wa 2018 KELIN na muungano wa makundi hayo wakatoa ripoti inayoeleza kwa nini. Hofu yao ilikuwa ya busara kabisa. Wanayoyafanya yanaweza kuwapeleka jela, kwa hiyo orodha yenye alama za vidole ni silaha ikiangukia mikono ya polisi. Diani na Ukunda zinaelewa jambo hili kuliko sehemu nyingi. Heroini imeila pwani yetu kwa miongo, na huko Kombani kuna kliniki inayotoa methadoni, dawa ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kila siku, maana yake ni kuonekana kila siku. Kijana anayejua kwamba jina lake limehifadhiwa vizuri ataendelea kuja. Anayeshuku kwamba orodha inapitishwa kwa askari atarudi maskani, na sindano ya kushirikiana itamngoja huko.

Hapa kuna pingamizi zito, na halipaswi kupuuzwa kwa kuitwa ushamba. Wengi watasema kwamba faragha ya namna hii ni mgeni kwetu. Kwetu mtu haugui peke yake. Miongoni mwa Wadigo, ambao tangu zamani walifuata ukoo wa upande wa mama, mjomba alikuwa na kauli juu ya mambo makubwa ya mpwa wake. Na hata leo, anayelazwa hospitali ya Msambweni analetewa uji na jamaa, analipiwa na jamaa, na akizidiwa jamaa ndio wanaotafuta gari la kumpeleka Mombasa. Vipi basi daktari afunge mlango na kuwaacha nje hao hao wanaobeba mzigo? Jibu langu ni kwamba sheria haimtengi mgonjwa na watu wake. Inampa yeye ufunguo. Akitaka mjomba aingie, mjomba ataingia. Akiwa hana fahamu, Sheria ya Afya inaruhusu jamaa wa karibu kuridhia kwa niaba yake. Inachokataza ni mtu wa pembeni kuamua kwa niaba ya mgonjwa mzima mwenye akili timamu nani ajue na lini. Tena tuseme ukweli: jamaa si kitu kimoja. Mwanamke wa ndoa hupimwa virusi vya Ukimwi mapema kuliko mumewe kwa sababu yeye ndiye anayekwenda kliniki ya wajawazito, na hivyo huwa wa kwanza kujulikana na wa kwanza kulaumiwa kwamba ndiye aliyeuleta nyumbani. Habari hiyo ikiwafikia wakwe kabla yeye hajajipanga, anaweza kujikuta nje na mizigo yake. Ndugu wanaompenda hawatapoteza chochote kwa kungoja aseme mwenyewe.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa afya ya umma: ugonjwa wa kuambukiza hauheshimu faragha. Kipindupindu kikilipuka, kifua kikuu kikienea, lazima ijulikane. Ni kweli, na sheria imeacha nafasi hiyo. Kila zahanati hupeleka hesabu za magonjwa kwa kaunti na wizara, na ugonjwa wa hatari huripotiwa upesi. Lakini kuripoti kwa afisa anayehusika ni jambo moja, na kumtangaza mtu kijijini ni jingine. Kenya imewahi kujaribu njia ya nguvu. Mwaka wa 2010 wagonjwa wa kifua kikuu huko Kapsabet waliwekwa jela kwa kuacha dawa, ndani ya vyumba vilivyosongamana ambavyo ni shamba la ugonjwa huo huo. Mnamo Machi 2016 Mahakama Kuu ilisema kuwafunga hivyo kulivunja Katiba. Kuhusu wenzi wa ndoa na wapenzi, iko njia inayotumika nchini na inayofaa: mgonjwa kwa ridhaa yake huwataja wenzi wake, kisha mhudumu huwaalika wapimwe bila kumtaja aliyewataja. Wanapimwa, wanaanza dawa, na jina halijatoka. Kanuni iliyokuwa ikimlazimisha mtu mwenye virusi vya Ukimwi kujitangaza kwa kila anayekutana naye kimwili, sehemu ya 24 ya Sheria ya Ukimwi ya 2006, ilifutwa na Mahakama Kuu mwaka wa 2015 kwa kuwa haikueleweka na iliingilia faragha.

Kwa pwani inayoishi kwa hoteli, kuna eneo ambalo siri ya mgonjwa hugeuka moja kwa moja kuwa mkate. Wahudumu wa chakula, kuanzia mpishi hadi anayeosha sahani, hutakiwa kuwa na cheti cha afya kinachofanywa upya kila baada ya miezi 6. Lengo lake ni kuzuia magonjwa yanayopitia kwenye chakula, kama homa ya matumbo na minyoo. Virusi vya Ukimwi haviambukizwi kwa sahani, na Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza waziwazi kumlazimisha mtu apimwe virusi hivyo ili apate kazi. Mwajiri anastahili kuona cheti kinachosema huyu anafaa kushika chakula. Hastahili kuona matokeo ya kila kipimo, wala daktari aliyelipwa na hoteli hana ruhusa ya kumnong'oneza meneja. Mwaka wa 2013 Mahakama ya Viwanda jijini Nairobi iliamua kesi ya mwanamke aliyepimwa virusi vya Ukimwi bila ridhaa alipotafuta kazi ya kudumu katika chuo kikuu kimoja, kisha akanyimwa ajira ya aina waliyopewa wenzake. Mahakama iliamuru alipwe fidia ya karibu shilingi milioni 7. Vijana wanaopanga foleni Ukunda kila msimu wa watalii unapokaribia wangefaidika sana kuijua kesi hiyo.

Mambo yamebadilika zaidi tangu huduma ilipoanza kubisha hodi nyumbani. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia habari za kila kaya. Nawaheshimu watu hawa. Wamefika Lungalunga na Kinango ambako gari la wagonjwa linachelewa. Lakini hebu tuone tulichokifanya. Tumechukua jirani, tukamkabidhi simu yenye habari za majirani wote, za mimba, sukari na presha, na dawa za kila mmoja. Uzuri wa mhudumu huyo ni kwamba anajulikana kijijini, na hatari yake ni hiyo hiyo. Mafunzo ya kutumia programu hayatoshi bila mafunzo ya kunyamaza: kutouliza maswali ya ndani mbele ya mama mkwe, kutopiga picha ya daftari la mgonjwa na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp ili kuomba ushauri, kutomwazima mtoto simu acheze. Tabia hii ya picha inanitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Wauguzi na matabibu hushauriana kwa WhatsApp kwa nia safi kabisa, kwa sababu mtaalamu yuko mbali, na ushauri huo huokoa maisha. Basi jina lifunikwe kwa kidole kabla ya picha kupigwa. Ni sekunde mbili.

Juu ya hayo yote kuna mifumo mikubwa. Tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na kabla yake, Oktoba 2023, Sheria ya Afya ya Kidijitali ilitiwa sahihi ili habari za wagonjwa nchi nzima ziingie katika mfumo mmoja. Hapo mwanzo mgonjwa wa SHA alithibitishwa kwa nambari ya siri iliyotumwa kwenye simu. Simu ya nani? Katika nyumba ambayo mume ndiye mwenye simu iliyosajiliwa, mke hakuweza kutibiwa bila mume kupata ujumbe kwamba mkewe yuko hospitali. Waliobuni njia hiyo hawakukusudia kumfichua mtu. Hawakufikiria nyumba ya namna hiyo. Alama za vidole zilizoletwa baadaye zinaondoa tatizo hilo na kuleta jingine, kwa kuwa nambari ya siri ikiibwa hubadilishwa, kidole hakibadilishwi. Ukubwa wa mambo ulionekana Disemba 2025, Kenya na Marekani zilipotia sahihi jijini Washington mkataba wa afya ambao Marekani iliahidi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano na Kenya kuongeza dola milioni 850. Siku chache baadaye Jaji Bahati Mwamuye wa Mahakama Kuu alisimamisha sehemu inayohusu kupeleka data za afya nje, hadi kesi zisikilizwe.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema turudi kwenye karatasi. Kompyuta iliyopangwa vizuri ina faida ambayo rejista haina: inaweza kuonyesha nani alifungua faili ya nani, saa ngapi. Rejista haimkumbuki aliyeichungulia. Faida hiyo hufa pale wafanyakazi kumi wanapotumia neno moja la siri lililobandikwa ukutani. Tusidhani pia kwamba adui ni mdukuzi wa mbali tu. Singapore ni nchi tajiri yenye mitambo ya hali ya juu, na Januari 2019 ilitangaza kwamba habari za watu 14,200 wenye virusi vya Ukimwi zimewekwa hadharani mtandaoni. Hakuna kufuli iliyovunjwa. Zilitoka kwa mwenzi wa daktari aliyekuwa na ruhusa halali ya kuifikia sajili hiyo. Kile kinachotokea kwenye benchi la zahanati ya kijiji kilitokea kule, ila kwa wingi.

Kwale ina sababu ya ziada ya kulisema jambo hili kwa sauti, kwani imetoa habari za miili yake kwa sayansi ya dunia kuliko kaunti nyingi. Msambweni imekuwa kituo cha utafiti wa kichocho kwa miongo mingi. KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Chuo Kikuu cha Nagasaki wamefuatilia kaya za Kwale ziara baada ya ziara, wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Homa ya dengi na chikungunya zimechunguzwa kwa damu za watoto wa Ukunda na Msambweni. Hivi karibuni utafiti wa BOHEMIA uliwapa wakazi dawa ya ivamektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, na matokeo yaliyochapishwa Julai 2025 yalionyesha kwamba maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26. Wanaoogopa kwamba siri itaua utafiti watazame hapo. Kazi hizo hufanyika kwa fomu za ridhaa, kamati za maadili, na sampuli zenye nambari badala ya majina. Na kama mtafiti anaweza kuipa chupa ya damu nambari ili jina lisisafiri nayo, kwa nini dirisha la usajili lisiweze?

Nitaambiwa kwamba dirisha lina watu mia na muuguzi ni mmoja. Kwamba chumba cha ushauri ni kimoja na kina vitanda viwili. Kwamba ni anasa kuzungumza juu ya faragha mahali ambapo dawa zenyewe zinakwisha. Uhaba huo ni wa kweli, na wauguzi hawastahili lawama. Lakini kugawa vikaratasi vya nambari na kuita nambari badala ya jina na ugonjwa hakuongezi mfanyakazi. Kipande cha kadibodi kilichokatwa dirisha dogo, kikalazwa juu ya rejista, huonyesha mstari mmoja na kufunika mingine. Pazia ni mita chache za kitambaa. Faili zote zikiwa rangi moja, hazigharimu zaidi. Mstari uliochorwa sakafuni hatua tatu nyuma ya dirisha huwafundisha watu kusimama mbali, kama wanavyosimama benki, na mgonjwa wa kisonono akatamka neno lake kwa karani peke yake. Vituo vinavyochanganya huduma, mtu wa presha na mtu wa virusi wakaketi benchi moja wakingoja tabibu yule yule, huondoa kabisa ile alama ya mlango. Serikali ya Kaunti ya Kwale inaweza kuyaagiza haya kwa waraka mmoja wa ukurasa mmoja, na kuyakagua jinsi inavyokagua usafi wa vyoo.

Msomaji naye ana zamu yake. Unaweza kuomba kuzungumza mlango ukiwa umefungwa. Unaweza kuuliza habari zako zinaandikwa wapi na nani atazisoma, kuomba kuona kilichoandikwa juu yako, na kudai kirekebishwe kikiwa na kosa. Ukiombwa kutia sahihi fomu usiyoielewa, iombe isomwe kwa Kiswahili, au kwa Kidigo au Kiduruma ikibidi. Na ukifichuliwa, usiishie kulalamika barazani. Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo Immaculate Kassait aliapishwa kuiongoza mwaka wa 2020, imeonyesha kwamba inaweza kuadhibu: Septemba 2023 iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kama picha ya mtoto aliyevaa sare ina thamani hiyo mbele ya sheria, matokeo ya damu yake hayawezi kuwa na thamani ndogo. Malalamiko yanapokelewa kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inaitaka afisi hiyo iyachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90.